Sumaku na Saruji: Majibu kwa Wanaodai Sindano Inatosha

Hoja yenyewe mmeisikia. Husemwa katika vyuo vya uhandisi, katika maabara za viwanda, na pale wakandarasi wanapobishana juu ya zege lililopasuka: kwamba kuchunguza saruji kwa resonansi ya sumaku ni anasa ya wanafizikia, kwamba njia hiyo haioni kitu cha maana, na kwamba hicho kidogo inachokiona kilishajulikana zamani kwa sindano, tanuri na mashine ya kuvunjia zege. Nimeisoma hoja hiyo dai kwa dai, katika sura yake bora, na naijibu dai kwa dai. Ninyi wasomaji ndio mahakimu. Ninaloomba ni moja: kila kipimo kihukumiwe kwa sheria ileile, kwa sababu kosa kubwa la upande wa pili ni kuidai sumaku ushahidi ambao haudaiwi vyombo vingine.

Dai la kwanza linasema zege hukakamaa kwa sababu maji yanaondoka, kwa hiyo chombo kinachofuatilia maji hakipimi zaidi ya ukavu, jambo ambalo mizani ya kawaida inaliweza. Msingi wa dai hili si kweli. Kila fundi anayemwagilia zege kwa wiki nzima, au kulifunika kwa magunia mabichi, anajua kwamba zege lililonyimwa maji hudhoofika. John Smeaton, aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone uliokamilika mwaka 1759 juu ya mwamba unaopigwa na bahari ya Uingereza, alitafuta chokaa inayoshika hata ndani ya maji, akaipata. Saruji ya leo hufanya vivyo hivyo. Tia rojo lake ndani ya chupa, ifunge isipitishe hewa, ipime leo na uipime tena baada ya mwezi. Uzito ni uleule, ila rojo limekuwa jiwe. Maji hayakuondoka. Yamehama kutoka katika nafasi kubwa baina ya chembe, mengine yakaingia kwenye vitundu vidogo sana, mengine yakawa sehemu ya jiwe lenyewe.

Mizani haioni uhamaji huo, resonansi inauona. Kiini cha atomi ya haidrojeni, yaani protoni, kina usumaku wake mdogo. Kikiwekwa ndani ya ugasumaku na kupigwa kwa wimbi fupi la redio, hujibu kwa wimbi la redio, kisha jibu hilo hufifia. Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja na kundi lake nchini Marekani, walilionyesha jambo hili kati ya mwisho wa 1945 na mwanzo wa 1946, Bloch kwa maji na Purcell kwa nta, na wakapewa pamoja Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1952. Muda wa kufifia hutegemea mahali maji yalipo, kwa kuwa molekuli inayogusa ukuta wa kitundu hupoteza sauti yake upesi kuliko iliyo mbali na ukuta. Maji ya glasi hufifia kwa sekunde 2 hivi au 3. Maji yaliyo baina ya chembe za saruji hufifia kwa milisekunde. Yaliyo ndani ya vitundu vya upana wa nanomita chache hufifia kwa mikrosekunde mia kadhaa, yaliyobanwa kati ya matabaka ya jeli kwa mikrosekunde 100 hivi, na yale yaliyokwisha kuwa sehemu ya fuwele kwa mikrosekunde 10 hivi. Chupa ileile iliyofungwa husomwa saa ya kwanza, siku ya pili na mwezi wa tatu bila kuvunjwa wala kukaushwa. Anayesema hicho ni kipimo cha ukavu hajatazama kinachopimwa.

Dai la pili ni la watu wa kazi, nami naliheshimu zaidi. Linasema sindano ya Vicat hutuambia saruji inaanza kushika lini na inamaliza lini, mchemraba uliovunjwa siku ya 7 na ya 28 hutuambia nguvu, na jengo halihitaji zaidi ya hayo. Ni kweli kwamba vipimo hivi ni vyepesi, vya bei nafuu, na vimelinda maisha ya watu wengi. Sindano ya gramu 300 yenye kipenyo cha milimita 1.13 haina siri wala haihitaji umeme. Lakini tazameni kinachotokea mchemraba unapovunjika chini ya nguvu iliyotakiwa. Mwenye kiwanda analaumu mchanga, mwenye mchanga analaumu maji mengi, mkandarasi analaumu saruji, msimamizi analaumu umwagiliaji. Mashine iliyouvunja haina la kusema, kwa sababu ilipima matokeo na haikupima sababu. Tena mazege mawili yanaweza kuwa na nguvu sawa siku ya 28 na bado yakatofautiana katika ukubwa wa vitundu vyake, hivyo chumvi ikapenya moja haraka na nyingine polepole hadi kwenye nondo. Kwa nyumba ya Mombasa, Tanga au Unguja, inayopulizwa na upepo wa bahari mwaka hadi mwaka, tofauti hiyo ndiyo inayoamua umri wake. Wanaosema mchemraba unatosha ndio haohao wanaobishana kwa majuma juu ya sababu ya mchemraba kushindwa. Kama unatosha, ubishi huo unatoka wapi?

Dai la tatu linatoka kwa wanakemia: eksirei inatosha. Inatambua aliti na beliti, madini mawili makuu ya klinka, pamoja na jasi, na yale yanayozaliwa baadaye kama potlanditi na etringiti, tena kwa kiasi. Hilo ni kweli, na hakuna maabara makini ya saruji inayoweza kuishi bila eksirei. Shida ni kile isichokitambua. Kinachobeba sehemu kubwa ya nguvu ya zege ni haidreti ya silikati ya kalsiamu, ambayo hapa nitaiita jeli, na jeli hiyo haina mpangilio unaojirudia kwa umbali wa kutosha. Kwenye mchoro wa eksirei huonekana kama mwinuko mpana, hafifu, uliolala chini ya vilele vya fuwele. Basi wanafanyaje kupata kiasi chake? Wanapima vyote vinavyopimika, wanatoa katika jumla, na kinachosalia wanakiita jeli. Maana yake ni kwamba kila kosa lililofanyika katika kupima fuwele zote linaangukia kwenye kitu muhimu kuliko vyote. Ikiwa upande wa pili unataka usahihi, hapa ndipo pa kuanzia.

Resonansi ya silikoni haihitaji mpangilio wa mbali, kwa sababu inasoma majirani wa karibu tu. Raymond Andrew na Irving Lowe, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba kitu kigumu kikizungushwa kwa kasi kubwa huku kimeinamishwa nyuzi 54.7 dhidi ya ugasumaku, mistari mipana ya spektra yake hujikusanya na kusomeka. Mwaka 1980 Endel Lippmaa na wenzake wa Tallinn, wakishirikiana na Wajerumani, walitumia mbinu hiyo kwa silikati na kuonyesha kwamba kila silikoni hutangaza imeungana na silikoni ngapi nyingine kupitia oksijeni. Iliyo peke yake husikika karibu na -70 kwa kipimo cha sehemu kwa milioni, ya mwisho wa mnyororo karibu na -79, ya katikati karibu na -85. Mwaka 1982 kundi la Lippmaa lilifuatilia silikati ya kalsiamu ikigeuka jiwe. Katika chembe isiyoguswa na maji silikoni zote ni pweke. Saa zinavyopita, mstari wa -70 unapungua na wa -79 unainuka, kisha wa -85 unafuata: silikoni zinashikana mikono kama watu katika duara la ngoma, kwanza wawili wawili, halafu minyororo ya watano, halafu ya wanane. Huo ndio ukakamaaji wenyewe, ukihesabiwa atomi kwa atomi.

Mtaulizwa: mna hakika gani kwamba hesabu hiyo si ya mashine tu? Jibu lipo. Wanakemia walikuwa na njia yao isiyohusiana kabisa na sumaku, ya kuzivuta silikati kutoka kwenye jiwe kwa kuziunganisha na vikundi vya trimethili-silili na kuzipima moja moja. Njia hiyo nayo ilikuta jozi ndizo nyingi katika saruji changa, na minyororo mirefu ikiongezeka kadiri saruji inavyozeeka. Njia mbili zisizofanana kwa lolote zimefika mahali pamoja. Mbele ya hakimu yeyote, huo ni ushahidi wa mashahidi wawili ambao hawakukutana.

Sasa nifike kwenye dai la nne, ambalo hurudiwa kwa kujiamini kuliko yote: chuma. Saruji ya kijivu huwa na oksidi ya chuma kiasi cha asilimia 2 hadi 4. Ayoni za chuma zina elektroni zisizo na wenza, na usumaku wa elektroni unazidi wa protoni kwa zaidi ya mara 600, kwa hiyo, dai linasema, chuma huvuruga spektra yote. Ndiyo maana tafiti nyingi hutumia saruji nyeupe, ambayo ina chuma kidogo sana, na saruji nyeupe, wanahitimisha, si saruji ambayo watu wanajengea. Nakubali sehemu yake: chuma hupanua mistari ya silikoni, na spektra ya saruji ya kijivu ni ngumu kusoma kuliko ya nyeupe. Kutoka hapo dai linavuka mpaka wa ushahidi wake. Mwaka 1995 Jørgen Skibsted wa Aarhus nchini Denmark na wenzake walionyesha kwamba chuma kilichojipenyeza ndani ya aliti na beliti huyafanya madini hayo mawili yatulie kwa kasi tofauti sana, na tofauti hiyo ikawawezesha kutenganisha mistari yao inayopandana na kupima kila moja katika saruji ya kawaida ya kijivu. Kilichoitwa kizuizi kimekuwa chombo cha kupimia.

Katika resonansi ya protoni dai hili ni dhaifu zaidi. Nimesema hapo juu kwamba maji yanayogusa ukuta wa kitundu hufifia upesi. Moja ya sababu za kufifia huko ni ayoni za chuma zilizomo kwenye kuta zenyewe, jambo ambalo Jean-Pierre Korb wa École Polytechnique nchini Ufaransa amelichunguza kwa kina kwa kupima kufifia katika ugasumaku wa nguvu mbalimbali, na kutokana nalo akakadiria eneo la kuta za vitundu. Anayesema chuma kinaharibu kipimo cha maji ya saruji anasema kwamba moja ya visababishi vya kipimo kinaharibu kipimo. Na kuhusu saruji nyeupe kutokuwa saruji: aliti yake ni aliti, beliti yake ni beliti, jeli yake ni jeli. Michoro ya joto la ukakamaaji iliyomo katika vitabu vya kufundishia, ambayo upande wa pili huitumia bila kusita, mara nyingi imetokana na silikati safi ya maabara isiyo na chuma hata chembe. Hawakuwahi kuikataa michoro hiyo kwa sababu hiyo. Sheria iwe moja.

Dai la tano ndilo zito, na mwenye hoja angelianza nalo ingekuwa vigumu zaidi kumjibu. Linasema hivi: mashine haitoi ukubwa wa vitundu, inatoa mkunjo mmoja unaoshuka. Kutoka kwenye mkunjo huo mchunguzi hurudisha mgawanyo wa nyakati kwa hesabu, na hesabu hiyo ina majibu mengi yanayolingana na mkunjo uleule. Kelele kidogo tu inaweza kuzaa kundi la vitundu lisilokuwepo. Kwa hiyo, kinachoitwa vitundu vya jeli kinaweza kuwa zao la programu.

Kuhusu hesabu yenyewe, wana haki kamili. Hatari hiyo inajulikana na kila anayeifanya kazi hii kwa uaminifu. Ndiyo maana hakuna maabara makini inayotegemea mkunjo mmoja. Kwanza, urefu wa mkunjo pale unapoanzia hulingana na idadi yote ya protoni, na maji yaliyotiwa yalipimwa kwa mizani kabla ya chupa kufungwa. Jumla ya makundi yote lazima ilingane na maji hayo. Ikizidi au ikipungua, uchambuzi unatupwa. Pili, sampuli hukaushwa hatua kwa hatua, na makundi hupotea kwa utaratibu unaotarajiwa, maji ya nafasi kubwa yakitangulia na ya matabaka yakibaki mwisho. Kundi la kubuniwa na programu lisingejua zamu yake. Tatu, mwaka 2005 Peter McDonald wa Chuo Kikuu cha Surrey, pamoja na Korb na wenzao, walipima mara mbili mfululizo maji yaleyale kwa kuacha nafasi fupi katikati, wakaona molekuli zikihama kutoka kundi moja kwenda jingine. Nne, kuna mashahidi wa nje. Mwaka 2007 Andrew Allen, Jeffrey Thomas na Hamlin Jennings walitumia mtawanyiko wa nyutroni na wa eksirei, bila kipimo chochote cha protoni kwa sumaku, wakapata kwamba jeli ngumu ina msongamano wa gramu 2.604 kwa sentimita ya ujazo na molekuli 1.80 za maji kwa kila silikoni. Vipimo vya protoni vilivyofuata viliweka msongamano huo katika eneo lilelile, kati ya 2.6 na 2.7 au karibu nayo.

Kisha linganisheni na kipimo ambacho wapinzani hawa wanakitumia wenyewe kupata ukubwa wa vitundu, yaani kusukuma zebaki. Ili zebaki iingie, sampuli lazima ikaushwe, na ukaushaji wa nyuzi 105 huondoa maji ya matabaka, huiharibu etringiti na huibana jeli. Kisha zebaki husukumwa kwa shinikizo kubwa, na hesabu inadhani kila kitundu ni bomba lililonyooka linalofikika kutoka nje. Chumba kikubwa kilicho nyuma ya mlango mwembamba huandikwa kama kitundu chembamba. Sidney Diamond wa Chuo Kikuu cha Purdue aliandika makala mwaka 2000 ambayo kichwa chake chenyewe kilitamka kwamba njia hiyo haifai kwa mgawanyo wa vitundu vya saruji. Wanaoikataa resonansi kwa sababu ya dhana zake bado wanachapisha michoro ya zebaki yenye dhana nzito zaidi, iliyochukuliwa kutoka kwenye sampuli iliyokwisha kubadilishwa na tanuri. Siulizi kwa nini wanaitumia zebaki. Nauliza kwa nini dhana ni kosa la jinai upande mmoja na desturi ya kazi upande mwingine.

Dai la sita linapingana na la tano moja kwa moja, na bado mara nyingi hutoka kinywani mwa mtu mmoja katika mazungumzo yaleyale: resonansi haijatufundisha jipya, inathibitisha tu tuliyoyajua. Mkae nalo kidogo. Kama matokeo yake ni mazao ya programu, yasingekubaliana na maarifa ya karne nzima. Kama yanakubaliana nayo, basi si mazao ya programu. Mtu anaweza kushikilia moja ya madai haya. Kuyashika yote mawili hawezi.

Na dai lenyewe si kweli. Ugomvi juu ya kinachofanya saruji ishike ni wa kale. Henri Le Chatelier, katika tasnifu yake ya 1887, alisema ni fuwele zinazokua na kufumana. Wilhelm Michaelis akajibu mwaka 1893 kwamba ni jeli inayokauka kwa ndani. Mwaka 1946 na 1947 Treval Powers na Theodore Brownyard, huko Marekani, walitoa picha iliyotawala kwa miongo mingi: jeli ni kitu kimoja chenye uwazi usiobadilika wa asilimia 28 hivi, na saruji inavyoendelea kukomaa jeli inaongezeka tu bila kubadili sura. Picha hiyo ilijengwa kwa kukausha na kupima uzito, kazi ya ustadi mkubwa kwa vyombo vya wakati wao. Mwaka 2013 Arnaud Muller na Karen Scrivener wa Lausanne, pamoja na Agata Gajewicz na McDonald wa Surrey, walifuatilia rojo lililofungwa kwa resonansi ya protoni. Waliona maji ya vitundu vya jeli yakiongezeka mwanzoni, kisha ongezeko hilo likikoma baada ya siku za kwanza, huku maji ya kati ya matabaka yakiendelea kuongezeka. Maana yake jeli mpya haikui tu kwa nje, bali inajaza vitundu vya jeli iliyotangulia, na jeli nzima inazidi kusongamana kadiri umri unavyosonga. Uwazi usiobadilika wa Powers haukubaliani na jambo hilo. Anayesema tulikwisha kulijua aonyeshe ni wapi lilipimwa kabla, kwenye sampuli ambayo haijakaushwa.

Yapo mengine. Mwaka huohuo wa 2013 Marie Jackson na wenzake walichunguza zege la Warumi lililokaa takriban miaka 2,000 chini ya maji ya ghuba ya Pozzuoli karibu na Naples. Kwa kuchanganya eksirei na resonansi ya silikoni na alumini walionyesha kwamba katika fuwele zake za tobermoriti alumini imeketi katika nafasi za silikoni ndani ya minyororo. Eksirei peke yake ingetaja jina la fuwele. Kiti cha alumini kilihitaji chombo kinachosikia atomi.

Dai la saba ni la kasi, na halihitaji muda mwingi. Ni kweli kwamba isotopu ya silikoni inayosikika, ile ya 29, ni asilimia 4.7 tu ya silikoni ya asili, kwa hiyo spektra nzuri inaweza kuchukua saa nyingi huku saruji ikiendelea kubadilika. Ndiyo maana Elizaveta Pustovgar na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016, walitengeneza silikati ya kalsiamu iliyorutubishwa kwa isotopu hiyo na kuifuatilia ikikakamaa ndani ya mashine bila kuisimamisha. Kwa protoni tatizo hilo halipo kabisa: karibu haidrojeni yote ya asili husikika, na kipimo kimoja ni cha dakika.

Dai la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu hutolewa kama ushauri mwema: hizi ni mashine za mataifa tajiri, sisi tushike sindano na mchemraba. Mashine za ugasumaku mkubwa, zinazopozwa kwa heli ya kimiminika, ni ghali kweli. Lakini vipimo vya protoni nilivyovieleza hufanywa kwenye mashine ya mezani yenye sumaku ya kudumu, ya masafa ya megahezi 20 au karibu na hapo, isiyotumia heli. Mashine za aina hiyo hutumika pia katika maabara za vyakula kupima mafuta ya mbegu. Na kwa vipimo vya silikoni au alumini gramu chache za unga zinatosha, na gramu chache husafirishwa kwa bahasha hadi kwenye chuo chenye mashine kubwa.

Kuhusu kwamba jambo hili halituhusu, tazameni saruji yenyewe. Tani moja ya klinka huchomwa kwa nyuzi 1,450 hivi, na sehemu kubwa ya kaboni dioksidi yake haitoki kwenye mafuta ya tanuri, hutoka kwenye mawe ya chokaa yanayovunjika. Njia ya kupunguza gharama na moshi ni kupunguza klinka, na nchi zetu tayari zinachanganya saruji na majivu ya volkano kutoka Mbeya hadi Bonde la Ufa la Kenya. Hatua inayofuata ni udongo uliochomwa: mchanganyiko unaojulikana sana una klinka asilimia 50, udongo uliochomwa 30, mawe ya chokaa mabichi 15 na jasi 5. Udongo unaofaa zaidi ni wa kaolini, na kaolini ipo katika vilima vya Pugu, kando ya Dar es Salaam. Mwaka 2011 Rodrigo Fernandez na Scrivener wa Lausanne, pamoja na Fernando Martirena wa Santa Clara nchini Cuba, ambayo hakuna anayeihesabu miongoni mwa nchi tajiri, walilinganisha udongo wa aina tatu uliochomwa na kutumia resonansi ya alumini kueleza kwa nini kaolini iliishinda mingine.

Katika kaolini mbichi kila alumini imezungukwa na oksijeni 6. Ikichomwa kati ya nyuzi 600 na 850, maji yake hutoka na alumini hubaki imevurugika, nyingine ikiwa na oksijeni 4, nyingine 5, nyingine 6, na mvurugiko huo ndio unaoifanya iwe tayari kushirikiana na chokaa. Ikizidishwa moto hadi karibu nyuzi 1,000, alumini zenye oksijeni 5 hupungua, fuwele mpya huanza kujipanga, na udongo hupoteza ukali wake. Eksirei huonyesha kwamba kaolini imetoweka na kuacha mwinuko mpana, na haiwezi kuhesabu alumini zilizovurugika zimebaki ngapi. Alumini yote ya asili ni ya isotopu moja, ile ya 27, nayo husikika vizuri, kwa hiyo spektra yake hupatikana kwa dakika badala ya siku. Anayesema mchemraba unatosha atueleze: kwa udongo wa Pugu uliochomwa kwa nyuzi 650, 750, 850 na 950, katika tanuri ambalo moto wake haujatulia bado, atangoja siku 28 mara ngapi kabla ya kujua ni moto upi alipaswa kuuzima?